Injini ikizimika juu ya mikorosho: je, ndege ya kupulizia itatuangukia?

SWALI: "Sisi ni kikundi cha wakulima wa korosho wilayani Nachingwea. Mashamba yetu yamepakana, jumla ni kama ekari 600. Kila msimu vijana wa kupulizia tunawapata kwa shida, na ugonjwa wa ubwiri unga hausubiri mtu. Sasa amekuja bwana mmoja anatushawishi tukodi ndege ndogo ya kupulizia salfa ya unga, anasema kazi itaisha kwa siku mbili. Kwenye mkutano mzee wetu mmoja akauliza: injini ikizimika huko juu na ndege imebeba tani nzima ya dawa, si itatudondokea kama embe? Akajibiwa kwamba rubani ana parachuti, na kwamba rubani mzuri anageuza tu anarudi kiwanjani. Mzee hakuridhika, nami pia. Tunaomba ukweli: injini ikizimika hutokea nini, ndege itatua wapi kwenye mikorosho, na sisi tulio chini tufanye nini? Kiwanja anataka kutumia barabara ya shamba inayopita nyuma ya shule."

JIBU: Mpeni mzee huyo shikamoo yangu. Aliuliza swali la msingi, na majibu mawili aliyopewa yote ni ya kumtuliza tu. Parachuti haina kazi kwenye ndege inayoruka mita 3 hadi 5 juu ya vilele vya miti, kwa sababu haipati hata nafasi ya kufunguka, na marubani wa kupulizia hawategemei kitu hicho. Kugeuza na kurudi kiwanjani ndiko kunakoua. Nitaeleza sababu, kisha nije kwenye lile lililonishtua zaidi katika barua yenu: barabara iliyo nyuma ya shule.

Tuanze na embe. Embe likikatika kikonyo hushuka wima kwa sababu halina kitu cha kulishikilia hewani. Ndege haishikiliwi na injini, inashikiliwa na mabawa, na mabawa hufanya kazi maadamu hewa inapita juu yake kwa kasi ya kutosha. Kazi ya injini ni kuilinda hiyo kasi. Ikizimika, ndege haidondoki bali huanza kuteleza kwenda mbele na chini, kama baiskeli iliyokatika mnyororo kwenye mteremko. Ndege ya kupulizia yenye mabomba na vifaa vilivyoning'inia chini ya mabawa haitelezi vizuri sana. Tuseme kwa kila mita 1 inayoshuka inakwenda mbele mita 6 hadi 8. Hatari huja pale rubani anapojaribu kuinyoosha safari hiyo kwa kuvuta pua juu, kasi ikaisha, mabawa yakaacha kubeba. Hapo ndipo embe la mzee linapopatikana.

Ikiwa chini vile, rubani ana muda gani? Ndege ya aina hii hupulizia kwa kasi ya kama kilomita 200 kwa saa. Kasi hiyo ni akiba. Injini ikikata, anaivuta ndege juu taratibu na kuibadilisha kasi iwe kimo, mpaka ibaki na kilomita kama 140 kwa saa za kutelezea. Kwa hesabu ya karatasini akiba hiyo inampa mita 80, lakini upinzani wa hewa hula sehemu yake, hivyo tuseme mita 50. Kutoka hapo atateleza mita 350 hivi, na tangu injini ikohoe hadi magurudumu yaguse kitu ni sekunde kama 15. Ndani ya sekunde hizo hakuna kupiga simu wala kujaribu kuwasha injini mara tatu. Kuna mambo matatu: kumwaga mzigo, kulinda kasi, na kuchagua mahali palipo mbele yake, kushoto kidogo au kulia kidogo.

Kugeuza kurudi kiwanjani hakumo kwenye hesabu hiyo. Ndege inapolala upande ili ikate kona, mabawa hubebeshwa zaidi. Ikilala nyuzi 45, kasi ya chini kabisa inayoweza kuishikilia hewani hupanda kwa asilimia 19. Ikilala nyuzi 60, hupanda kwa asilimia 41. Rubani asiye na injini, asiye na kimo, anayekata kona kali ili arudi alikotoka, anaiomba ndege kasi ambayo haina. Bawa la ndani hukata tamaa kwanza, ndege hujipindua na kwenda chini kwa pua. Anayewaambia kwamba rubani mzuri anageuza tu, huyo hamjui rubani mzuri.

Sasa tani ya dawa. Ndege hizi zina mlango wa dharura chini ya tangi na mpini karibu na mkono wa rubani. Akiuvuta, mzigo wote humwagika kwa sekunde chache, kama 5 hivi ukiwa wa majimaji. Unga ukishikwa na unyevu huganda na hutoka kwa kusuasua, hilo mlijue. Kwa nini umwagike? Chukueni ndege yenye uzito wa kilo 4,000, kati yake kilo 1,500 ni mzigo. Ikiwa imejaa, tuseme haiwezi kushikilia hewa chini ya kilomita 110 kwa saa. Ikimwaga na kubaki kilo 2,500, inaweza kugusa ardhi kwa kilomita 87 tu. Nguvu ya kugonga hutokana na uzito na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, na ukipiga hesabu unakuta imebaki asilimia 39 ya ile ya mwanzo. Mpini mmoja umepunguza pigo kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mkiona wingu la dawa linamwagwa juu ya shamba la mtu na ndege inapanda ghafla bila mlio, msidhani mmehujumiwa. Ni mtu anayeokoa maisha yake na pengine yenu.

Hata umbo la ndege limechongwa kwa ajili ya dakika hiyo. Tangi limewekwa mbele ya rubani, kati yake na injini, ili ndege ikigonga mzigo usije ukamkandamiza kwa nyuma. Rubani huketi juu, ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma, amefungwa mikanda ya mabegani na kiunoni. Mpangilio huo ulianzia kwenye ndege ya majaribio iliyoruka Marekani mwaka 1950, iliyobuniwa na mhandisi Fred Weick, na mpaka leo ndege nyingi za kilimo zinaufuata. Ndiyo maana marubani wengi wa kazi hii hutoka wazima kwenye chuma kilichokunjamana ambacho ukikiona ungesema hakuna aliyepona. Sharti ni moja: wawe wamegonga wakiwa na kasi ndogo na mabawa yamelala sawa.

Mnauliza atatua wapi kwenye mikorosho. Hapa nina habari ambayo huenda ikawashangaza. Kama hakuna uwazi, mikorosho iliyokomaa ni miongoni mwa miti inayosamehe. Kanuni ya kutua juu ya miti inasema tafuta miti mifupi, iliyosongamana, yenye mwavuli mpana unaoanzia karibu na ardhi. Huo ni mkorosho wenyewe. Rubani huuchukulia mwavuli wa majani kana kwamba ndio ardhi, anapunguza kasi hadi karibu na mwisho wake, pua juu kidogo, kisha anaiacha ndege izame matawini. Matawi yanavunjika moja baada ya jingine, na kila linalovunjika linakula sehemu ya kasi. Kinachotakiwa ni umbali wa kusimamia: kasi ikiongezeka maradufu, umbali unaohitajika ili mwili uhimili huongezeka mara nne. Anachokwepa ni shina nene kukutana na pua ya ndege. Heri mabawa yachukue mashina na kukatika.

Mnazi ni kinyume chake kabisa. Ni mrefu, hauna matawi ya kupokea, na shina lake halikunjiki kwa urahisi. Mkiwa na minazi au mbuyu katikati ya korosho, rubani aujue mmoja mmoja kabla hajapaa. Mbuga ya mpunga yenye maji huonekana tambarare na laini, lakini magurudumu ya mbele huzama na ndege hupinduka kichwa chini, na mtu anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha goti akiwa amefungwa mkanda. Shamba la ufuta lililovunwa au muhogo mdogo ni afadhali. Lakini angalieni vichuguu. Kichuguu kilichofunikwa na majani hakionekani kutoka juu, na ndani ni kigumu kama zege. Ukiniuliza kitu gani katika mashamba ya Lindi kinachogeuza kutua kuzuri kuwa msiba, nitataja kichuguu kabla ya mti wowote.

Uwanja wa mpira wa shule utaonekana kuwa jibu. Si jibu. Una urefu wa mita 100 hivi, wakati ndege tupu inahitaji mara mbili au tatu ya hapo ili isimame, na watoto wakisikia ndege hawakimbii kuikwepa, wanakimbilia kuiona.

Tukirudi kwenye barabara yenu ya nyuma ya shule, hebu tupige hesabu kwa kalamu. Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 ni kama miti 28 kwa ekari. Ekari 600 ni miti 16,800. Kwa gramu 250 za salfa kwa mti, mzunguko mmoja ni tani 4.2. Ndege ya tani moja itapaa ikiwa imejaa mara 4 au 5 kwa mzunguko, na mkipuliza mizunguko mitano kwa msimu, ni mara 20 hadi 25 ndege inapaa nzito, kasi ndogo, karibu na ardhi. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa injini kuzimika. Ikiwa shambani inapulizia, rubani ana kasi ya kubadilisha kuwa kimo. Inapopaa hana kasi wala kimo. Atamwaga mzigo na kutua mbele, popote hapo mbele palivyo. Sasa ichoreni barabara yenu kwenye karatasi, mweke mshale unaoelekea upande upepo unakotoka, mwone hapo mbele ni wapi. Kwa kawaida ndege hupaa kuelekea upepo, na kwenu msimu wa kupuliza upepo hutoka zaidi upande wa kusini na kusini mashariki. Kama mshale unaelekea darasani, au unatoka darasani na siku upepo ukigeuka utaelekea huko, hapo hapafai hata kama barabara imenyooka kama rula. Urefu chini ya mita 800 kwa ndege iliyojaa, siku ya joto, kwenye udongo laini, mimi singeukubali bila rubani kuonyesha hesabu zake kwa maandishi, na baada ya mwisho wa barabara pawe na mita 300 hadi 500 zisizo na nyumba, nguzo wala watu. Nachingwea na Masasi vipo viwanja vya ndege. Gharama ya kuruka dakika chache zaidi kutoka huko ni ndogo kuliko wanavyowaambia.

Injini huzimika kwa nini? Watu hudhani kuna kifaa kinakatika. Hutokea: silinda hupasuka, magneto, kile kifaa cha kutoa cheche, hufa, pampu ya mafuta hugoma. Lakini sehemu kubwa ya injini zinazonyamaza hewani zilikuwa nzima, zimekosa tu mafuta safi. Kwenye kazi ya kijijini, mafuta hukaa kwenye mapipa ya lita 200. Pipa likisimamishwa wima nje, maji ya mvua au umande hutuama juu ya mfuniko. Mchana pipa hupata joto na kupumua nje, usiku hupoa na kuvuta ndani, na kile linachovuta ni yale maji yaliyotuama. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini, na bomba la pampu linafika chini.

Hilo mnaweza kulisimamia ninyi wenyewe bila kujua kuendesha ndege. Mapipa yalazwe ubavu, chini ya turubai au paa, vizibo viwili viwe kushoto na kulia kwa usawa mmoja, ili mafuta ndani yavifunike na mpira wake usikauke. Pipa likisimamishwa ili mafuta yavutwe, liachwe saa nzima litulie, liinamishwe kidogo, na bomba lisiguse upande ulio chini. Mafuta yapite kwenye chujio linalotenga maji. Kisha kila asubuhi, na kila baada ya kujaza, fundi afungue vali ndogo iliyo chini ya tangi la ndege na kukinga kwenye chupa ya kioo. Mwambieni aishike juu mwangani mbele yenu. Maji yataonekana kama shanga chini ya chupa. Mtego upo mmoja: kama chupa nzima ni maji, hamtaona mstari wowote, itaonekana safi kabisa. Ndiyo maana harufu na rangi huangaliwa pia. Petroli ya ndege, ile inayotumika sana kwenye injini za pistoni, ni ya bluu. Mafuta ya injini za tabo, zile zisizo na pistoni, ni meupe au ya manjano hafifu na yananuka mafuta ya taa. Yakiingizwa kwenye injini ya pistoni kwa makosa, itawaka kwa mabaki yaliyomo kwenye mabomba, itapaa, kisha itanyamaza ikiwa juu ya miti. Andikeni kwa rangi kubwa kwenye kila pipa. Na asitokee kijana wa kuokoa siku kwa kuleta dumu kutoka kwa wauza petroli wa bodaboda.

Liko jingine ambalo wengi hucheka wakilisikia: barafu, Nachingwea. Kwenye injini yenye kabureta, petroli inapogeuka mvuke hupoza hewa inayopita kwa nyuzi 20 au zaidi. Asubuhi ya Julai yenye umande na nyuzi 20, ndani ya koo la kabureta panaweza kushuka chini ya sifuri, unyevu ukaganda, na injini ikakosa pumzi polepole. Ipo swichi ya kuingiza hewa ya moto, na rubani aliyezoea hali ya unyevu huitumia kabla ya kupaa. Saa hizo za umande na upepo mtulivu ndizo hizo hizo nzuri kwa salfa, kwa hiyo halikwepeki. Injini za tabo na zile zinazopulizwa mafuta moja kwa moja hazina kabureta, shida hii haiwahusu.

Kona nazo zina lake. Mwisho wa kila mstari ndege hupanda na kugeuka kwa ukali, mafuta husukumwa pembeni mwa tangi, na kama yamebaki kidogo tundu la kunyonya hubaki wazi likivuta hewa. Kwa hiyo "tumalizie mistari miwili tu" ni maneno ya hatari. Akiba ya nusu saa haiguswi. Ongezeni vumbi la dawa linaloziba chujio la hewa, na salfa yenyewe, ambayo ikikutana na unyevu hula chuma. Ndege isiyooshwa kila jioni ni ya kutiliwa shaka. Injini ya pistoni hukaguliwa kila saa 100 za kuruka, na fundi makini hulikata chujio la oili na kutafuta chembe za chuma kwenye mikunjo yake. Ombeni kitabu cha kumbukumbu za matengenezo. Mkiambiwa kimeachwa Dar es Salaam, na ndege ibaki huko huko.

Kuhusu salfa ya unga nina neno zaidi. Unga huo ukichanganyika na hewa hushika moto kwa urahisi mno, na cheche ya umeme tuli, ule unaokurusha ukivua sweta, unatosha. Injini yenye bomba la moshi lenye moto na wingu la salfa linalotoka chini ya tumbo la ndege ni majirani wasiopatana. Kwa sababu hiyo tu, mkitaka ndege, ningewataka muulize kwanza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kuhusu dawa ya maji iliyosajiliwa kwa ubwiri unga na inayoruhusiwa kupulizwa kutoka angani.

Nyaya sijazigusa bado, na nitazigusa kwa ufupi ingawa ni muhimu kuliko injini. Rubani wa kupulizia ana uwezekano mkubwa wa kuuawa na waya asiouona. Kila nguzo, kila waya wa umeme na wa simu, hata kamba ya antena ya mtu, iwe kwenye ramani, na rubani azunguke shamba lote kwa gari kabla hajapaa. Asiyetaka kuzunguka, mrudisheni.

Sasa ninyi mlio chini. Siku ya kazi, shamba na mita 500 mbele ya kiwanja viwe havina watu, na shule ifungwe au kazi ifanyike likizo. Ndege ikianguka, msikimbie wote. Watu wawili au watatu walioteuliwa mapema ndio wakaribie, upepo ukiwa mgongoni mwao, kwa kupita nyuma ya bawa, kamwe si mbele ya panga la injini, kwa kuwa panga lililosimama linaweza kuzunguka ghafla likiguswa. Hakuna sigara, hakuna pikipiki inayowashwa karibu. Kama salfa inawaka, mwali wake ni wa bluu na kwenye jua kali hauonekani vizuri. Moshi wake ni gesi inayokaba koo, tena haraka. Msiupige moto huo kwa maji ya nguvu, mtaurusha unga hewani na kuuongezea hasira. Mchanga au maji ya manyunyu ndiyo yanafaa. Wapigieni zimamoto 114 na polisi 112.

Rubani akiwa anazungumza na hakuna moto, msimvute. Shingo na mgongo wake vinaweza kuwa vimeumia, naye ajue kwamba msaada unakuja. Ndege ikiwa imepinduka na yeye ananing'inia, mmoja aweke bega chini ya mabega yake kabla mwingine hajakata mkanda, la sivyo ataangukia shingo. Kukiwa na moto, mtoeni vyovyote iwezekanavyo. Kisha nguo zilizolowa dawa zivuliwe, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, macho yamiminiwe maji safi dakika 15. Maziwa hayaondoi sumu, tafadhali, na kumtapisha kunaweza kumuua. Kinachomsaidia daktari ni lebo ya dawa, kwa hiyo iwe mfukoni mwa msimamizi tangu asubuhi, na nakala iwe imeshapelekwa zahanati. Salfa husumbua zaidi macho na kifua. Lakini kama siku moja ndege itabeba dawa ya wadudu au ya ndege waharibifu, kama fenthion inayotumika kwa kweleakwelea, dalili za hatari ni mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya pini, mate na jasho jingi, misuli kucheza. Hiyo ni hospitali mara moja, na waliomsaidia wapimwe pia, kwa sababu sumu hiyo hupita kwenye ngozi.

Pale dawa ilipomwagwa pawekewe kamba. Tani moja ya salfa ikidondoka kwenye ukanda wa mita 20 kwa 250 ni zaidi ya mara 100 ya kipimo cha kawaida. Majani yataungua, na udongo utazidi kuwa na tindikali kwa muda mrefu, jambo ambalo mashamba ya korosho ya kusini tayari yanalo kutokana na salfa ya miaka mingi. Kisamvu cha hapo kisichumwe, mbuzi wasipite, kisima kilicho karibu kifunikwe. Muiteni afisa ugani, na taarifa ifike kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mabaki ya ndege yasisogezwe wala kuchukuliwa hata boliti moja mpaka wachunguzi wa ajali waruhusu, isipokuwa kumtoa mtu.

Mmeniuliza ukweli, na ushauri wangu kwa sasa ni msikodi. Siyo kwa hofu ya injini, kwa maana injini inayotunzwa vizuri, hasa ya tabo, huzimika kwa nadra sana. Ni kwa sababu ekari 600 zenye shule, barabara moja na nyumba pembeni ni mahali ambapo siku hiyo ya nadra haina pa kwenda. Nachingwea ilishaletewa mashine kubwa kabla ya kuulizwa ardhi inasemaje, enzi za mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951, na wazee wenu wanajua ulivyoshindwa. Gawaneni mashamba kwa vitalu, kodini mashine za mgongoni nane au kumi kwa pamoja na vijana waliokwisha fundishwa, anzeni na vitalu vinavyotoa maua mapema. Trekta lenye kipulizio ni hatua inayofuata kama nafasi kati ya mistari inaruhusu. Droni nyingi za kilimo hubeba lita 10 hadi 40. Nayo ikizimika hudondoka kweli kama embe, mzee ajue, lakini ni embe la makumi ya kilo tu, lisilo na mtu ndani, na kumweka kila mtu mbali nayo ni rahisi.

Kama baada ya yote haya kikundi bado kinaitaka ndege, msisaini kwa kusoma barua yangu. Iteni mtu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga atembee kiwanja kwa miguu pamoja nanyi, mwone cheti cha ubora wa ndege, leseni ya rubani na kibali chake cha kazi za kupulizia, na bima inayowahusu watu walio chini. Mkishafika mwisho wa barabara ile, simameni mtazame mbele, mwulizeni rubani: hapa injini ikizima, unakwenda wapi? Anayejua kazi yake atakuonyesheni kwa kidole kabla hamjamaliza kuuliza.